Kuiamsha Damu ya Kichanga

1 Machi

Umepotea hadi nimejikuta nakusimulia kwa watu kama marehemu: alikuwa anapenda hiki, alikuwa hali kile. Juzi nikajishika mdomo. Misimu miwili ya mvua hujakanyaga kizingiti hiki, mwanangu. Nani kakudanganya kwamba mtoto analelewa kwa simu? "Anaendeleaje, Mama? Haya, salio linakwisha." Salio lako hilo linakwisha haraka kuliko sabuni.

Mwanao siku hizi tunamwita Cherehani, maana akianza kushona maneno asubuhi uzi haukatiki mpaka alale. Jina hilo hulijui. Ungelijulia wapi?

Daktari wa watoto ameniambia niandike kila siku mtoto kaamkaje, anaumwa wapi. Nikamwambia mimi darasa nimeliona kupitia dirishani tu. Akaniuliza, "Na vile vikaratasi unavyobandika kwenye nguo za watu, Bibi, anaviandika nani?" Kweli. Herufi nilizipata kwenye kazi hii hii ya pasi, kwa kunakili majina ya wateja ili suruali ya huyu isiende kwa yule. Basi naandika. Daktari nitamsomea yanayomhusu. Mengine yote ni yako, na utayasoma ukiwa umekaa humu ndani.

Kitu kimoja kikuingie kichwani kabla hatujafika mbali. Leo Cherehani kaanza dawa mpya ya selimundu. Daktari atakuwa anampima mpaka mvua ziishe. Dawa ikishika, mtoto atakaa shuleni kama wenzake. Isiposhika, atakuwa wa kulazwa na kuongezewa damu, na hiyo damu ya kuongezewa haipatikani kila siku. Kaka yake hakuwahi hata kuionja dawa hii. Sina mjukuu mwingine wa kuzika.

2 Machi

Kaamka mzima. Kavunja kikombe, kasingizia upepo.

5 Machi

Nimemuuliza daktari dawa inafanya nini humo ndani. Foleni ilikuwa inanisukuma mgongoni, kwa hiyo nilichotoka nacho ni hiki: mtoto akiwa tumboni ana damu yake ya kichanga, nzuri kabisa. Akishazaliwa ile inalala, inaamka damu ya kikubwa. Damu ya kikubwa ya Cherehani ndiyo yenye kasoro. Chembe zake zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, ndiyo yale maumivu yanayomkunja kama karatasi. Dawa inaiamsha ile ya kichanga irudi kazini.

Nimerudi nyumbani nawaza. Mimi nasema ninachokiona, unanijua. Ulimwacha ndio kwanza anajifunza kukaa bila mto. Ulimwachisha ziwa Ijumaa, Jumapili ukapanda basi ukaenda kwenye kazi yako ya hotelini. Hazikupita siku nyingi vidole vikavimba kama vimepulizwa. Mtaa mzima uliona. Mtoto alikulilia mpaka damu ikapinda. Ukikasirika, njoo unikasirikie hapa.

9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nguo za watu hazikauki, nazikausha kwa pasi kipande kwa kipande. Chumba kizima kinanuka mvuke na suruali za wanaume.

14 Machi

Nimekata kauli. Huyu daktari anaamsha kwa kidonge, sawa, lakini mtu aliyelala ukimwita kwa sauti anayoijua ndipo anaamka upesi. Na damu ya kichanga inajua nini? Giza, joto, kubebwa na kuimbiwa. Basi kuanzia leo Cherehani haendi shule. Nimemtandikia kando ya meza ya pasi, nimemviringisha blanketi, nimeshusha pazia. Maziwa nampa kwenye chupa yenye chuchu.

"Bibi, mimi niko darasa la pili," kaniambia.

"Damu yako haiko darasa la pili. Nyonya."

"Na wenzangu wakiniona?"

"Wakuone wapi, na pazia limeshuka?"

"Basi niimbie. Kama mimi kichanga, fanya kazi."

Nimeimba mpaka koo limekauka. Muuza mkaa, yule jirani yetu wa ukuta mmoja, kaleta gunia, kachungulia, kaona chupa. "Shoga! Umezaa na nani uzeeni?" Nikamwambia aweke mkaa wake chini aende zake. Ulimi wake wembe mtupu. Ndiyo maana tumedumu.

20 Machi

Umepiga. Nimekuomba unitumie nguo uliyoivaa, isiyofuliwa. Ukauliza ya nini. Nikakueleza: damu ile ilitengenezwa tumboni mwako, huenda inakungoja wewe, ikisikia harufu yako itajua saa ya kuamka imefika. Nikasikia sahani zikigongana huko jikoni kwenu, nikasikia mtu anakuita, kisha simu ikafa. Nimebaki nimeishika sikioni kama mjinga.

"Kasema anakuja?" Cherehani kauliza.

Nikamwambia mtandao mbovu.

27 Machi

Blauzi imefika kwa basi, imefungwa kwenye gazeti. Tangu niishike kazi hii hakuna nguo iliyoingia chumba hiki ikatoka bila kupigwa pasi. Hii sijaigusa. Kwapa zake zina harufu ya sabuni ya vyombo, na chini ya sabuni hiyo upo wewe, yule yule uliyekuwa ukirudi kutoka kucheza, jasho na jua. Nilimwambia Cherehani nakagua vifungo. Nimevikagua sana. Kisha nikampa mwenyewe.

30 Machi

Anashinda na blauzi puani. Leo hajashona hata neno.

3 Aprili

Baridi imeingia mpaka kwenye vijiko. Kasema mguu unamuuma kidogo. Nimeongeza mkaa, nimeongeza blanketi.

8 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Nilikuwa kwenye kola ya shati la mwalimu mkuu nilipomsikia akiguna. Hakuwa akilia. Aliguna kama mtu mzima anayenyanyua mzigo. Nilipofunua blanketi nikamkuta ameloa jasho, midomo imekauka hadi imepasuka, miguu ameikunja mpaka kidevuni. "Bibi, usiniguse. Bibi, nishike." Yote mawili kwa pumzi moja.

Niliiacha pasi juu ya shati. Mtoto mgongoni, nikatoka kwenye mvua. Muuza mkaa akaacha biashara wazi akaja kutushikia mwavuli, tukakimbia hivyo hivyo, mvua ikimnyeshea yeye peke yake.

Kliniki wakamtundikia maji, wakampa dawa ya maumivu. Alipolegea akasinzia, daktari akanigeukia.

"Bibi, leo amekunywa maji kiasi gani?"

"Maji? Nampa maziwa. Kwenye chupa."

"Chupa?"

Nikamweleza yote. Pazia, blanketi, nyimbo, blauzi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyoshuka, mpaka ya mwisho nikawa naiambia sakafu. Daktari hakucheka. Heri angecheka.

"Umemlaza kando ya pasi ya mkaa ndani ya mablanketi. Anatoka jasho, maji hanywi. Hali hiyo ndiyo inayozifanya zile chembe zipinde na kukwama. Huyu anahitaji maji, joto la kiasi, na maisha yake. Shule ikiwemo."

"Nilitaka iamke."

"Najua." Akavuta kiti akakaa, na nyuma yake foleni ikaguna. "Kosa ni langu pia. Nilikwambia imelala, nikakuacha uende na neno hilo. Haikulala kama anavyolala mtu."

"Basi nieleze kama unavyomweleza asiyesoma," nikamwambia, "maana ndiye uliyekaa naye."

Akasema ndani ya karibu kila chembe ya mwili mna maagizo yote ya kumtengeneza mtu, kuanzia ukucha hadi jicho. Agizo moja moja wao wanaliita jeni. Lakini hakuna chembe inayoyasoma yote. Ya jicho inafungua ya jicho, ya ini inafungua ya ini, na yaliyobaki yamefungwa.

"Yamefutwa?"

"Hapana. Yapo. Yamekunjwa tu, hayasomeki."

Hapo nikaanza kushika. Nikamwambia sketi ya marinda ina maua kitambaa kizima, lakini ukishaipiga pasi unaona maua machache tu, mengine yamo ndani ya rinda, hayajaenda popote. Akatabasamu. "Karibu sawa, Bibi. Ila huku ndani hakuna mpiga pasi mmoja. Kuna vitu vidogo vingi, vingine kazi yake kukunja, vingine kukunjua. Vinafuata umri wa mtoto, vinafuata dawa. Nyimbo na blauzi hazivifikii."

"Na hiyo ya kichanga?"

"Mtoto tumboni havuti hewa mwenyewe, anaipata kupitia damu ya mama. Kwa hiyo anatumia agizo la damu inayoshika hewa kwa nguvu zaidi. Akishazaliwa, mwili wake unalikunja agizo hilo polepole, unakunjua la kikubwa. Dawa inasaidia lile la zamani lisomeke tena. Namna inavyofanya, hata sisi hatujamaliza kuielewa."

"Kwa hiyo ile damu haikutoka kwa mama yake?"

"Aliitengeneza mwenyewe, tangu akiwa tumboni. Na agizo analo mpaka leo. Halimngoji mtu."

Halimngoji mtu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikaitazama ile blauzi miguuni pa kitanda, tuliyokuja nayo kwa sababu aliing'ang'ania, nikaona ni kitambaa tu, na kwamba nilikuwa nimeitwika kazi ya kukurudisha wewe, si damu.

Kisha nikauliza lile lililokuwa limenikaa rohoni. "Vidole vilianza kuvimba mama yake alipoondoka tu. Ndio kwanza alikuwa anajifunza kukaa."

"Miezi sita hivi?"

"Hapo hapo."

"Bibi, kabla ya hapo damu ya kichanga ilikuwa bado nyingi, ikimkinga. Umri ule ndipo inapokuwa imepungua, na ya kikubwa imeshika zamu. Watoto wengi wenye selimundu huanza kuugua hapo. Mama awepo, asiwepo. Anyonyeshe, asinyonyeshe."

"Hata angebaki?"

"Hata angekaa amempakata kutwa kucha."

Mwanangu, nilikaa pale nikamkumbuka kaka yake. Yeye alianza kuugua umri huo huo, wewe ukiwa hapa hapa, ziwa mdomoni mwake. Tukasema ni meno. Tazama tulivyo hodari: mama akiwepo, kosa la meno; mama akiondoka, kosa la mama.

Nimefunua nyuma nikausoma ule ukurasa wa tano Machi. Siufuti. Nataka uone niliwaza nini, na uone hapa ndipo nilipoacha.

9 Aprili

Kapata nafuu, karuhusiwa. Kaanza kushona maneno mlangoni mwa kliniki. Mwalimu mkuu kapokea shati lenye umbo la pasi mgongoni. Kasema atavalia koti.

12 Aprili

Umepiga. Hukuwahi kutaja salio, sikukupa nafasi. Nikakwambia yote, moja kwa moja: miezi sita, damu kubadilishana zamu, mama awepo asiwepo. Hata sahani zilinyamaza huko. Mwishoni ukauliza, "Miezi sita ya kila mtoto?"

"Ya kila mtoto. Wa tajiri, wa maskini, wa anayenyonyesha na wa anayeosha vyombo vya hoteli."

"Mama, mimi nilijua ni kwa sababu niliondoka." Halafu ukasema kitu ambacho kumbe umekibeba miaka yote hii peke yako: "Nikimtazama naona nilichomfanyia. Wawili, Mama. Damu yangu imewafanyia wawili."

Nilikudhani mgumu wa moyo. Nimewaambia watu hivyo, dukani, kwa sauti. Kumbe ulikuwa unamkimbia mtoto kama mtu anayemkimbia aliyemgonga barabarani.

Nikakwambia njoo. Ukalia, ukasema wanakuita kazini.

17 Aprili

Nilimuuliza daktari hiyo kasoro ilifikaje kwa mtoto. Kasema nusu kwa baba, nusu kwa mama. "Na mama aliitoa wapi?" Kasema kwangu au kwa marehemu babako. Nikakunja mkono wa gauni, nikamwambia toa damu.

Majibu yametoka. Ni mimi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sisemi mara mbili. Hiyo kasoro inayokufanya ujione muuaji nilikuwa nayo kabla yako. Nimepika nayo, nimecheka nayo, nimekuzaa nayo. Sikuichagua. Nilikupa pamoja na miguu yako mizuri na hilo domo la kubisha. Haya, na mimi nifunge virago nikimbie nyumba? Nani atapiga pasi?

21 Aprili

Pigo. Askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, zimeshuka mno. Daktari kasema hii dawa ina tabia hiyo. Kaisimamisha mpaka zipande. Nimeuliza ile ya kichanga itakunjwa tena? Kasema inawezekana irudi nyuma kidogo. Kidogo kwake yeye.

23 Aprili

Mzima. Maji kanywa. Mimi sijala.

29 Aprili

Bado dawa imesimama. Muuza mkaa kaja kukaa bila hata kuniuzia kitu. Kasema, "Shoga, lia basi, nitageuka ukutani." Sikulia. Nikampa chai, akageuka ukutani vilevile, maana ni yeye aliyekuwa analia.

4 Mei

Chembe nyeupe zimepanda. Dawa imerudi, kwa kipimo kidogo kuliko mwanzo. Shule pia imerudi. Katoka na chupa ya maji begani, sweta mbili, na onyo langu la kutocheza kwenye mvua, ambalo kaliacha getini.

11 Mei

Leo Cherehani kanijia na blauzi yako. Nilikuwa nakunja mashuka ya nyumba ya wageni.

"Bibi, nusa."

Nikanusa.

"Haina tena harufu ya Mama," kasema. "Inanukia mimi."

Nilitaka kumjibu jambo la maana. Nimeishi sana, nimewajibu wengi, wengine hawajanisamehe. Lakini leo nilishika tu upande wa pili wa shuka, naye akashika upande wake, tukakunja. Tulipokutana katikati kaniuliza, "Mama anaogopa damu yangu?"

"Nani kakwambia?"

"Nilisikia ukiongea kwenye simu."

"Haiogopi damu yako. Anakuogopa wewe. Anadhani umemkasirikia."

Kafikiri. Huyu akifikiri hutoa ulimi nje kidogo, kama ulivyokuwa wewe. "Nimemkasirikia," kasema. "Lakini si kwa damu. Kwa sababu hakuja kuniona nilivyong'oka jino."

Naandika kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza.

19 Mei

Mvua. Mzima.

20 Mei

Mvua. Mzima. Kapigana na mtoto aliyemwita Macho ya Njano, kwa ule umanjano unaoletwa na ugonjwa. Nimemgombeza mbele ya mwalimu. Nyumbani nimempa yai.

26 Mei

Baridi ya kuuma meno, baridi ile ile ambayo mwaka jana ilimlaza kliniki kutwa nzima mara kwa mara. Karudi shuleni amelowa chapachapa. Nikamvua, nikamkausha, nikakaa nikimtazama magoti, viwiko, vidole. Nikingoja kuguna. Akala, akaanza kushona maneno kuhusu kuku wa mwalimu. Nikaendelea kungoja. Mpaka leo sijawahi kufurahia habari za kuku namna ile.

2 Juni

Umepiga ukataka kuongea naye mwenyewe. Kachukua simu kaenda nayo nyuma ya nyumba. Nilijikuta nina kazi ya kuanika karibu na ukuta ule, lakini sauti ilikuwa ndogo. Nilichosikia ni "la mbele, la juu", basi nikajua mmefika kwenye jino. Karudi, kanikabidhi simu, kaniambia, "Kaniomba msamaha. Nimemwambia nitafikiria." Kisha akaenda kucheza. Wewe upande wa pili ulikuwa bado hujakata. Tulisikilizana tu tukipumua.

9 Juni

Wamemtoa damu ya kipimo kikubwa, kile cha kuona ya kichanga ni kiasi gani. Majibu baada ya siku kadhaa. Nimeunguza foronya mbili.

16 Juni

Jua limetoka, na kweli mvua zimekwisha. Vumbi limerudi barabarani.

Daktari katuita ndani, kafunga mlango. Nikamwambia, "Mwanangu, kama ni baya liseme haraka, nimeacha pasi motoni." Ilikuwa uongo, pasi ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

"Tulipoanza," kasema, "damu ya kichanga ilikuwa tano katika mia. Sasa ni kumi na sita."

"Nyingi hiyo?"

"Inatosha kufanya kazi, na inapanda. Dawa imeshika, Bibi. Haikuondoa ugonjwa, lile agizo lenye kasoro bado analo, na dawa hii ataendelea kuinywa, na mimi nitaendelea kumpima. Lakini hatumpeleki kwenye kuongezewa damu."

Cherehani kauliza, "Kwa hiyo mimi ni kichanga na mkubwa pamoja?"

"Ndani ya damu yako, ndiyo," daktari kamwambia.

"Basi jioni nitaenda kulala saa ya wakubwa."

Nikatoka nje nikashika nguzo ya veranda. Nilimwita kaka yake kwa jina, mara moja, polepole. Kisha nikajifuta, tukaenda nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, maana sasa ananishinda mwendo.

Nimekupigia. Umesema umeomba ruhusa, bado hawajakujibu. Sawa. Sikukusukuma, na hilo ujue limenigharimu. Mtoto ametengeneza damu yake bila mimi wala wewe. Hakuhitaji harufu yako ili aamke. Sasa hebu elewa jambo hili: hatukuhitaji tena kama dawa. Tunakutaka tu.

Kwa hiyo ukija, uje mchana, watu wakuone. Usimfunue macho kutafuta umanjano, usimbonyeze vidole. Na mimi utanikuta mlangoni, nimesimama, nimenyoosha mikono, kwa sababu sijui kujizuia. Nipite. Najua adabu inataka uanze na mkubwa, na adabu hiyo nilikufundisha mimi kwa bakora, leo nakuondolea. Nenda kwake kwanza, uchuchumae, umsalimie yeye, umwache akujibu mpaka amalize, hata jua litue. Mimi nitasubiri zamu yangu.